Ubwiri Unga wa Bajaji

Pale kwenye kivuko cha Msangamkuu, madereva wenzake walimwita Zulfa "Mama Masharti", na hawakumwonea. Alikuwa na bajaji ya umeme, mojawapo ya chache zilizokuwapo Mtwara mjini. Bajaji ile ilikuwa na dhamana, na dhamana yenyewe ilikuwa na masharti kuliko mahari ya mwari. Betri isifunguliwe na fundi wa mtaani. Chombo kisioshwe kwa pampu. Kipelekwe kituo cha wakala kila baada ya miezi mitatu, hata kama hakina tatizo, kikaguliwe nyaya, breki, nati na tundu la chaji. Halafu kulikuwa na lile sharti refu kuliko yote: kisitiwe kemikali ya aina yoyote, iwe imetiwa na mwenye chombo au na mtu aliyemkabidhi. Akikiuka, asahau betri mpya.

Zulfa aliyashika yote. Mwenye ndoo ya samaki ilimbidi atafute usafiri mwingine. Mwenye dumu la dawa ya kuua wadudu aliambiwa kwa heshima kwamba bajaji za petroli zipo pale pembeni. Abiria akiegemea vibaya, anaambiwa. Akikanyaga kiti cha nyuma, ambacho chini yake ndiko lilikokaa boksi la betri, anaambiwa mara mbili. Wapo waliompenda kwa sababu hiyo, maana bajaji yake ilikuwa safi na haikuwa na kelele. Wapo pia waliosema kwamba kupanda chombo cha Zulfa ni sawa na kwenda ukweni.

Dhamana iliyokuja na bajaji ilikuwa imeshaisha. Zulfa alikuwa amelipia ya nyongeza kwa hiari yake, na hapo ndipo wenzake walipomcheka kweli.

"Unalipia upepo, dada," Rajabu alimwambia. Rajabu alikuwa na bajaji ya petroli iliyochakaa, na alijivunia kwamba hapakuwa na kitu ndani yake ambacho hakijawahi kufungwa kwa waya. "Mimi ya kwangu ikiharibika naitengeneza hapahapa, chini ya huu mwembe."

"Ya kwako inakufa kidogo kidogo, kaka," Zulfa alijibu. "Ya kwangu ikifa, inakufa yote."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomnyima raha. Betri mpya bei yake ilikuwa karibu nusu ya bajaji nzima, na Mtwara yote hapakuwa na fundi wa kuifufua. Tangu aachane na mume wake, bajaji hiyo ndiyo iliyomlipia chumba cha Magomeni, ikamsomeshea watoto, ikamwepusha na kurudi Nanyamba kukaa kwa kaka zake na kuhesabiwa kila kijiko cha ugali. Bila bajaji angerudi. Alilijua hilo vizuri kuliko alivyoyajua masharti.

Kwa hiyo kila mtu aliyekaribia chombo kile aliwahi kusomewa: abiria, majirani, watoto, hata shehe aliyeomba kupelekwa Mikindani. Mtu mmoja tu hakuwahi kusomewa, naye alikuwa baba yake. Zulfa hakusahau. Ila kwa malezi aliyolelewa, mtoto hampi baba yake masharti. Baba akikaa kitini amekaa, akiweka mguu ameuweka. Ungemwambia nini?

Baba yake, Mzee Athumani, alikuwa na shamba la mikorosho Nanyamba, na kwa miaka mingi alikuwa na jina. Watu walitoka vijiji vya jirani kumwita akawaangalie mikorosho yao. Alikuwa akichuma ua moja, akilisogeza karibu na jicho, kisha anatamka: huu umeingiwa na ubwiri unga, au huu bado. Ubwiri unga ni ule ugonjwa wa unga mweupe unaokaa kwenye maua na majani machanga, na usipowahiwa, maua yanakauka na msimu umekwenda. Dawa yake ni salfa, ule unga wa njano unaopulizwa alfajiri umande ukiwa bado upo. Mzee Athumani alipuliza salfa kwa ujana wake wote na utu uzima wake wote, bila kufunga hata kitambaa puani, mpaka kifua kikakataa. Daktari akamkataza, na watoto wakasimama na daktari. Mashine ya kupulizia ikachukuliwa na kaka mkubwa.

Zulfa naye alikuwapo siku hiyo. Ni yeye aliyesema, "Baba, sasa pumzika." Mzee alisema sawa. Tangu hapo wanawe walipuliza mikorosho wenyewe, kwa wakati waliotaka wao, na watu wa vijiji vya jirani wakaanza kumwuliza kaka mkubwa badala ya kumwuliza yeye. Mzee akabaki kusalimiwa.

Mwishoni mwa Juni Zulfa alikwenda kumtembelea. Kufika Nanyamba bajaji ilifika bila shida, lakini ilibidi ilale pale, waya umevutwa kutoka sebuleni mpaka uani, ili ipate nguvu ya kurudi. Asubuhi yake Zulfa aliingia jikoni kwa wifi yake kupika uji, wakazungumza mambo ya wanawake, na uji ukachukua muda. Walipokunywa, mzee alikuwa na furaha ambayo Zulfa hakuwa ameiona kwa muda mrefu. Alimsindikiza mpaka kwenye bajaji, akaipigapiga ubavuni kwa kiganja.

"Hiki chombo chako kitakuwa salama, mama," alimwambia.

"Inshallah, baba," Zulfa akajibu, akaondoka.

Njiani aliona vumbi la njano kidogo kwenye kifuniko cha tundu la chaji. Hakushtuka. Wakati ule wa mwaka Nanyamba nzima huwa ya njano, kuanzia migomba hadi nguo za kwenye kamba. Alilifuta kwa kanga, akasahau.

Baada ya wiki kadhaa bajaji ilianza kuchelewa kujaa. Kisha ikawa inapata moto pale waya unapochomekwa. Zulfa aliipeleka kwa wakala kabla ya siku yake ya ukaguzi, kama masharti yalivyotaka, lakini hata kabla hajafika getini ilizima. Ilisukumwa mpaka ndani, na aliyeisukuma kwa nyuma alikuwa Rajabu, ambaye kwa mara ya kwanza hakumcheka.

Fundi wa wakala aliitwa Kelvin, kijana mpole kutoka Masasi aliyependa kueleza mambo polepole. Alifungua boksi la betri, akamulika. Kisha akamwita Zulfa aangalie. Vichwa vya shaba vilikuwa vimekuwa vyeusi, vimelika kingo. Katika pembe za boksi, mahali ambapo upepo haufiki, kulikuwa na unga wa njano.

"Dada Zulfa, uliwahi kubeba salfa?"

"Sijawahi kubeba hata ndimu, fundi. Uliza kivuko kizima."

"Hii ni salfa. Ikikutana na joto na unyevu wa huku kwetu inaila shaba. Imeanzia kwenye tundu la chaji, nyingine imepita kwenye matundu ya hewa chini ya kiti. Kadi inayoongoza betri imeungua, na betri nayo imekwenda." Kelvin alifuta mikono yake kwa kitambaa. "Dhamana yako ipo hai. Lakini bosi atauliza imeingiaje. Kama imekuja na vumbi la njiani, masharti yanaruhusu, hilo ni la mazingira. Kama ni mtu ameitia, hakuna betri."

Bosi aliyemtaja ni Josephu, mkaguzi wa madai ya dhamana, aliyekuja kutoka Dar es Salaam mara moja kila mwezi.

Siku zile za kungoja, Zulfa alimshuku kila mtu. Alimshuku Rajabu, kwa sababu Rajabu alicheka sana. Alimshuku jirani wa Magomeni ambaye waligombana naye kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo. Alikuwa na hasira kavu, ya mtu aliyefanya kila kitu alichoambiwa na bado akaharibikiwa. Watoto walijifunza kupita pembeni.

Mwishowe alipanda basi kwenda Nanyamba, si kwa sababu alimshuku mtu kule, bali alitaka kuongea na kaka mkubwa juu ya chumba cha kurudi kukaa pale, iwapo mambo yatakwenda vibaya. Alimkuta baba yake peke yake barazani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umekuja na basi? Chombo kiko wapi?"

"Kiko kwa wakala, kwa fundi, baba. Kinaumwa kidogo."

Mzee Athumani aliinamisha kichwa, akafikiri, jinsi alivyokuwa akifikiri zamani ua likiwa mkononi.

"Basi ugonjwa ulikuwa umeshafika mbali," alisema. "Mimi niliuona ule ubwiri unga siku ile asubuhi. Nilifunua pale unapochomeka waya, nikaona weupe umekaa kwenye vile vijino, mweupe kabisa, na ukijani kwa mbali. Nikasema hapa hakuna kusubiri. Nikachukua salfa niliyokuwa nimeiweka, ile nzuri ya zamani, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaigongagonga taratibu. Na kule chini kwenye vitundu pia, maana ukitibu ua ukaacha jani hujatibu kitu. Halafu nikapangusa usichafuke." Alimtazama bintiye. "Haikupona?"

Zulfa alijua mara moja ule weupe ulikuwa nini. Ulikuwa chumvi ya kivukoni. Kelvin huusugua kila ukaguzi kwa brashi kavu, na unatoka, na unarudi.

Alimtazama baba yake. Alitaka kulia, na alitaka kumfokea, yote kwa wakati mmoja na kwa nguvu sawa. Mzee alikuwa anasubiri jibu. Macho yake yalikuwa na uhai ule wa zamani, wa mtu anayengojewa atamke.

"Inaendelea na matibabu, baba," alisema.

Juu ya chumba hakumwuliza kaka mkubwa. Ndani ya basi la kurudi alipanga maneno. Angemwambia Josephu kwamba alikwenda Nanyamba msimu wa kupuliza, jambo ambalo ni kweli. Angemwambia kwamba bajaji ililala uani na mashamba yako jirani, jambo ambalo pia ni kweli. Vumbi lile la njano alikuwa ameliona kwa macho yake. Ilibaki kunyamaza mahali pamoja tu, na kunyamaza si kusema uongo, au ndivyo alivyojiambia mpaka basi lilipoingia stendi.

Josephu alikuwa mtu mnene, mstaarabu, mwenye kalamu ya bei mbaya. Walikaa kwenye chumba kidogo cha wakala, yeye, Zulfa na Kelvin. Alisifu rekodi za ukaguzi wa bajaji. Alisema nchi nzima hajaona mteja aliyewahi tarehe zote namna ile. Zulfa akasema aliyoyapanga. Josephu alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali.

"Kwa hiyo ni vumbi la mazingira," alisema. "Inaeleweka. Huko kwenu msimu huo hata wali unakuwa wa njano."

Alikuwa ameshafunua kalamu wakati bajaji ya petroli iliponguruma nje. Sauti ile Zulfa aliijua. Mlango ukagongwa, akaingia Rajabu, na nyuma yake Mzee Athumani, amevaa kanzu yake ya Ijumaa na kofia, ameshika kifurushi kidogo cha kitambaa.

"Nimemkuta mzee stendi anauliza kwa wakala ni wapi," Rajabu alisema. "Nikaona nimlete." Alikuwa anatabasamu. Alidhani amefanya jambo jema.

Waliinuka wote wakamwamkia. Mzee aliitikia, akaketi kwenye kiti alichopewa na Kelvin, akavuta pumzi kwa taabu maana kifua chake hakikupenda safari. Kisha akaweka kile kifurushi mezani na kukifungua. Ulikuwa unga wa njano, safi, unaoteleza.

"Mimi ni baba wa huyu," alisema. "Nimesikia chombo kiko kwenu kinatibiwa. Nikasema niwahi, niwaambie dawa ambayo nimeshakitia mimi, ili kisije kikatiwa dawa juu ya dawa. Hata mkorosho hauwezi."

Mzee akadhani hawakuelewa, akaeleza tena, kwa mpangilio: weupe aliouona, mahali alipougonga unga, saa za asubuhi, umande. Alieleza vizuri sana. Kelvin alikuwa anatazama sakafu.

Josephu aliirudisha kalamu mezani. Hakuwa mtu mbaya. Alimtazama mzee, akamtazama Zulfa, na alipoongea aliongea kwa sauti ya chini, ya kusaidia.

"Dada, mzee ana umri mkubwa."

"Ndiyo."

"Wazee wetu wakati mwingine wanachanganya. Mtu amepuliza mikorosho maisha yake yote, unaweza kukuta anasimulia mkorosho, sisi tunadhani ni bajaji." Aliigusa karatasi iliyokuwa mezani. "Mimi naandika kile anachothibitisha mwenye chombo. Ukiniambia mzee amechanganya, basi amechanganya, na nitaendelea pale nilipoishia."

Mlango ulikuwa wazi hivyo. Hapakuwa na haja hata ya kusema. Kuitikia kwa kichwa kungetosha. Zulfa aliiona betri mpya. Alikiona chumba cha Magomeni. Alimwona pia baba yake, ambaye alikuwa amegeuza uso kumtazama yeye. Mzee Athumani alisikia vizuri kabisa. Kifua ndicho kilichomshinda, masikio hayakuwa na tatizo. Alisubiri kuambiwa na mtoto wake kama bado ana akili.

Mashine walimnyang'anya. Mikorosho walimnyang'anya. Zulfa alikumbuka sauti yake mwenyewe ikisema pumzika, na akaona aibu.

"Hajachanganya," alisema. "Baba yangu anajua anachosema. Aliitia yeye, kwa mkono wake, kwenye chombo changu. Mimi sikumwambia kwamba hairuhusiwi."

Josephu alimpa nafasi ya kujirudi. Alipoona hajirudi, alishusha pumzi, akaandika, akaeleza kwa mzee kwa adabu kwamba salfa ni adui wa shaba, na kwamba kwa masharti ya dhamana ya nyongeza kampuni haitaweza kutoa betri.

"Kwa hiyo dawa ndiyo iliyokiua," Mzee Athumani alisema.

"Ndiyo, mzee."

Mzee alikifunga kile kifurushi, fundo la kwanza na la pili, akakitia mfukoni. Mikono yake ilichukua muda.

Waliondoka na bajaji ya Rajabu, maana nyingine haikuwapo. Rajabu alishaelewa alichokileta pale ofisini. Aliendesha akiwa ameuma midomo, na kwenye kona ya Soko Kuu, bila kugeuka, alisema kwamba binamu yake ana bajaji ya petroli iliyokaa tu, anatafuta mtu wa kuiendesha na kumpelekea hesabu ya siku kila jioni. Mbovu, alisema, lakini inakwenda. Zulfa akamjibu kwamba kesho atakwenda kuiangalia. Bajaji yake mwenyewe ilibaki kwa wakala chini ya turubai, safi, haina hata mkwaruzo.

Injini ya Rajabu ilipiga kelele njia nzima, na hapakuwa na mazungumzo. Zulfa alikuwa na hofu na hakujificha kwamba anayo. Alihesabu kichwani nani atamfuata kwanza, mwenye nyumba au kaka mkubwa. Bega lake na la baba yake yaligongana kila kwenye shimo.

Walipofika Magomeni, Rajabu alizima injini. Kimya kilipoingia ndipo mzee aliposema, huku akitazama mbele.

"Ungesema tu kwamba nimechanganya, mama. Nisingebisha."

Zulfa alikuwa ameshashuka. Alizunguka upande wa pili, akampa mkono.

"Shuka taratibu, baba," alisema. "Hapo kuna mtaro."